Moto Ulioshuka Chini ya Nyumba

Tanuri likikataa joto, vijana wangu, msilipige teke. Nimeona watu wazima wakilipiga teke. Mmoja wa Changamwe alilimwagia soda kwa hasira, likapasuka, akanipigia simu akisema limepasuka lenyewe. Tanuri si punda. Keti mbele ya mdomo wake, nyamaza, uangalie moto unakwenda wapi. Hiyo ndiyo kazi yangu yote, nimewapa bure, anayetaka kuondoka aondoke. Atakayebaki nitamweleza moto niliouona kwa macho yangu ukishuka chini ya nyumba za watu kule Mishomoroni, na naomba asinicheke kabla sijamaliza.

Mimi ni Katana, fundi wa matanuri ya mikate, yale ya kuni yanayojengwa nyuma ya nyumba. Shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, basi haya naandika kama ninavyosema. Kazi nilifundishwa na marehemu Bwana Shee, mzee wa mjini, mtu wa kanzu safi hata akitoka ndani ya tanuri. Sijui alifanyaje. Mimi nilikuwa nikitoka nafanana na gunia la makaa, yeye anajipangusa kidole kimoja tu. Siku za mwanzo kila tulipoitwa kwenye tanuri baridi nilimuuliza, "Bwana Shee, hili lina nini?" Siku moja akachoka.

"Wewe Katana, wauliza lina nini, kwani ni mgonjwa? Uliza moto wenda wapi. Moto wallahi ni kama mgeni mwenye njaa, hauketi pasipo na kitu."

Nusu ya matanuri niliyoitwa kuyatibu yalikuwa mazima, kuni ndizo zilizokuwa mbichi. Chukua magogo mawili uyagonganishe. Yakilia kwa ukali, kama mlango wa mtu aliyekasirika, ni makavu. Yakilia kama kifua cha mtu mwenye mafua, yarudishe juani. Halafu tazama darini, kwenye kuba. Moto ukianza, kuba hujaa masizi meusi. Joto la haki likifika, masizi yale huungua yenyewe na kuba linakuwa jeupe. Kuba likiwa bado jeusi, usidanganywe na miali mikubwa, hiyo ni kelele tu. Mwisho tupa unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri. Ukibaki mweupe, ngoja. Ukigeuka rangi ya kahawia polepole, tia mikate. Ukiwa mweusi papo hapo, acha mlango wazi, nenda ukamsalimie jirani, urudi.

Na jamani, msijenge tanuri kwa mawe ya pwani matupu. Fundi mmoja wa Likoni alijenga hivyo kwa sababu mawe yalikuwa uani na matofali yako mbali. Jiwe letu likipikwa linakuwa chokaa. Mikate ya kwanza ilitoka mizuri, ya pili ikatoka na unga juu yake, mwenye tanuri akafurahi, akadhani ni urembo. Waliokula walikunywa maji mpaka jioni.

Siku hizi mna matanuri ya gesi, mnaona mzee hana la kuwaambia. Niliitwa Nyali kwenye nyumba kubwa, jiko la gesi linang'aa kama meno ya dhahabu, halitoi joto. Walikuwa wamekuja mafundi wenye mashati yenye majina kifuani. Nikauliza lile lile, moto unakwenda wapi? Hauendi, maana gesi haiji. Gesi imezuiwa wapi? Nikafungua kitundu kidogo kinachopitisha gesi, ndani nikakuta nyigu amejenga nyumba ya udongo, nzuri, imepakwa vizuri kuliko yangu. Mama wa nyumba akaniuliza, "Fundi, umefanya nini?" Nikamwambia, "Nimemhamisha fundi mwenzangu."

Basi, hayo ni ya kucheka. La Hawe Mbodze silicheki.

Hawe kwetu ni bibi, na mtaa mzima walimwita hivyo, hata wazee kama mimi. Nilimjengea tanuri mimi mwenyewe wakati mumewe yu hai, nyuma ya nyumba yao, pale Mishomoroni mteremko unapoanza kushuka kwenye mkono wa bahari. Mume alipofariki aliendelea kuoka boflo peke yake, na watu wa mteremko ule walikula mkate wa Hawe asubuhi kabla ya kusema na mtu. Kisha akanipigia simu.

"Katana, tanuri lako limenigomea."

"Limegoma vipi, Hawe?"

"Moto unawaka, lakini haupashi."

"Kuni hizo. Mbichi."

"Kuni ni za mvinje na nimezikausha mwenyewe, usinifundishe kuni. Njoo, mwanangu. Njoo wewe kabla hawajaja watu."

Nikamuuliza watu gani, simu ikawa imekatika.

Nilipofika niliona njia ya kuingia kwake imeota majani. Njia ile, vijana, ilikuwa ngumu kama saruji kwa miguu ya wanunuzi. Nikabisha hodi, nikampa shikamoo. "Marahaba," akasema, "usiketi. Tazama kwanza."

Akawasha moto. Kuni zilikuwa kavu kweli, zilishika mara moja. Nikakaa mbele ya mdomo wa tanuri nikatazama. Miali ya moto hupanda, ndiyo tabia yake, hulamba kuba na kurudi mdomoni. Ile ilipanda kidogo, ikasita, kisha ikainama. Yote kwa pamoja, kuelekea nyuma ya tanuri na chini, kama watu wanaosujudu. Nikatoka kutazama bomba la moshi. Kuni zinaungua ndani, na juu ya bomba hakuna moshi hata wa sigara. Kunguru alikuwa ametua juu yake, anajichokoa.

Nikauondoa moto, nikaingiza mkono, nikashika sakafu. Baridi. Baridi na majimaji kama pua ya mbwa.

"Ilianza lini?"

"Baada ya mvua za masika. Kwanza mikate ikawa haiivi chini. Halafu ikawa haiivi kabisa. Lakini Katana, hilo si kubwa."

Ndipo akanieleza kubwa. Chini ya mteremko, ukingoni mwa maji, kuna pango, na pango lile ni mzimu, mahali pa kutambikia tangu zamani. Utakuta vitambaa vyekundu na vyeupe vimefungwa kwenye vichaka, chupa za marashi, vigae. Sisi ni watu wa kanisa, hatuendi huko. Lakini tukipita karibu tunakohoa kidogo, tujulikane tunapita kwa heri. Sasa tangu masika pango lilikuwa likitoa moshi. Halina moto, halina mtu, na moshi unatoka taratibu kama mzee anavuta kiko humo ndani. Na wakati moshi unatoka, tanuri la Hawe huwa limekwisha zimwa zamani, basi hakuna aliyefikiri habari ya tanuri.

Kisha mtoto akaanza kuumwa. Kadzo, binti mdogo wa Karisa, na Karisa ni mdogo wake marehemu mume wa Hawe, nyumba yake iko chini kidogo ya ile ya Hawe. Mtoto anakohoa, anakohoa, dawa za hospitali zikamsaidia siku chache, akarudi pale pale. Hawe alikuwa akimpenda yule mtoto kupita kiasi. Akiwa anaumwa alikuwa akimpelekea boflo la maziwa.

"Nikaona labda tanuri limeingiliwa na kitu," akaniambia. "Nikafanya kama mama yangu alivyokuwa akifanya nyumba ikiwa nzito. Nikatia makaa na ubani ndani ya tanuri, nikalifunga mlango, nikaomba kwa jina la Yesu."

"Si vibaya."

"Ngoja. Jioni ile ile pango likatoa moshi wa ubani."

Akaelekeza kidevu chini, upande wa pango, akaendelea.

"Watu wakasema Mbodze analisha mzimu. Ndiyo maana mtoto anakauka. Karisa akaja hapa, hakuketi. Akasema, 'Jumapili tukitoka kanisani nisikukute. Nikikukuta, vijana sitawazuia.'"

Nyinyi mmezaliwa huku, sina haja ya kuwaeleza. Mtu mwenye mvi akishatajwa neno lile, mchawi, nyumba yake huungua na hakuna aliyeona kitu. Hawe alikuwa hana pa kwenda. Na alichoniomba hakikuwa nimfiche. Aliniomba nimwambie kwa nini moto unawaka na haupashi, kwa sababu alikuwa ameanza kujiogopa mwenyewe.

"Katana, mtu anaweza kuwa hivyo bila kujua?"

Macho yangu yalikuwa tanurini. Nilikuwa nimeona majivu.

Nilikuwa nimeacha majivu kidogo kwenye sakafu ya tanuri. Wakati tunazungumza yalikuwa yakitambaa kuelekea nyuma, taratibu, kama yanavutwa na uzi. Nikaketi mbele yake nisitoke. Watu waliopita kwa mbali walimwona fundi mzima ameketi anatazama tanuri tupu, nadhani na mimi nilitajwa siku ile. Kule chini maji ya bahari yalikuwa yakitoka, siku za bamvua, yale yanayokupwa mpaka matope ya mbali yanaonekana. Maji yalipokwisha kutoka, majivu yakatulia. Maji yalipoanza kurudi, majivu yakaanza kunijia. Yalikuja mpaka mdomoni mwa tanuri, na nyuma yake ikaja pumzi. Pumzi, vijana. Ya chumvi na ya baridi, inanipiga usoni.

Mimi si mwoga sana lakini nilisogeza kiti.

Mteremko ule wote ni jiwe la pwani, na jiwe hili ukilikata ni kama boflo, matundu ndani kwa ndani, mengine ya kuingiza kidole, mengine ya kuingiza ng'ombe. Mvua zilikuwa zimeosha udongo chini ya tanuri, sakafu imepasuka kwa nyuma, na tundu limefunguka. Maji yakitoka, mwamba unavuta pumzi, unauvuta moto na moshi wake. Maji yakirudi, mwamba unapumua, moshi unatokea kwingine, kule pangoni, wakati Hawe amekwisha kunawa mikono na kuketi. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa waeleze wao," akasema.

Nikaona nitawaonyesha, maneno hayatoshi. Jumamosi, maji yakiwa yanatoka, nilimwita Karisa na watu wa mtaa, wakaja wakasimama nje ya ua, hakuna aliyevuka. Nikawasha moto, nikatia rundo la mchaichai mbichi ndani, mbele ya macho yao, ule mchaichai wa kutia kwenye chai. Nikawaambia, "Mmenusa? Huu hautumiki mizimuni. Twendeni pangoni maji yakirudi. Mkiusikia mchaichai, mjue ni njia ya moshi tu, hakuna la zaidi."

Nilijiona nina akili. Tukashuka, tukasimama mbali na pango, vitambaa vinapepea. Maji yakaja. Tukangoja mpaka watu wakaanza kunitania, mmoja akasema, "Fundi, hata sukari ungetia." Kisha likaja wingu jembamba kutoka gizani mle, na mchaichai. Harufu ya jikoni kwa mama, inatoka kwenye mdomo wa mzimu. Hakuna aliyecheka tena.

Nikageuka kwa Karisa nikitaka aseme neno. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Kwa hivyo ni kweli," akasema. "Umetuonyesha wewe mwenyewe, fundi. Nyumba yake ina njia mpaka mzimuni."

"Karisa, ni tundu la jiwe..."

"Njia ni njia!"

Watu wakaguna, na mguno ule ulikuwa wa kumkubali. Nyuma yangu kijana mmoja akauliza, kwa sauti ya mzaha, nani ana kiberiti. Mzaha wenyewe haukuwa na meno ya kucheka. Wakaanza kupanda mteremko, na mimi mbele yao nikijaribu kwenda haraka kwa magoti haya, nikijua mchaichai wangu ndio umemmaliza Hawe.

Tulipofika kwa Karisa, mkewe akatukuta njiani. Mama Kadzo, mwanamke mwenye sauti. Amembeba mtoto mgongoni, na mtoto anakohoa.

"Baba Kadzo, njoo unuse!"

"Nimeshanusa, ondoka njiani."

"Umenusa wapi? Mimi nasema njoo unuse chumba cha mwanao!"

Akamshika shati akamvuta. Tukaingia wachache. Nyumba ya Karisa ni ya saruji, sakafu laini nyekundu imepakwa vizuri. Mama Kadzo akakisukuma kitanda cha mtoto. Chini ya mto, pale ukutani, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na katika ufa ule moshi ulikuwa ukipanda kama uzi. Mchaichai. Mtoto alikuwa akilala pua yake juu ya ufa huo.

Niliona watu waliokuwa mlangoni wanatazama miguu yao. Kisha mmoja mmoja wakaanza kuondoka, hawakimbii, wanatembea upesi kama mtu aliyekumbuka chungu motoni. Baada ya muda zikaanza sauti, nyumba hii, nyumba ile. Kwa mwuza mkaa moshi unatokea bafuni. Kwa yule kijana wa kiberiti unatokea chini ya kochi la mama yake. Mchungaji alisema kwake hakuna, lakini hakutuacha tuingie.

Hawe alikuwa ameshuka nyuma yetu. Alisimama mlangoni mwa chumba akatazama ule ufa, halafu mtoto.

"Basi ni mimi niliyekuwa nikimkohoza," akasema. "Moshi wangu." Akanigeukia. "Bomoa tanuri, Katana. Libomoe leo."

Aliyemjibu ni mke wa Karisa. "Libomolewe halafu tule nini asubuhi? Fundi, hilo tundu linazibika au halizibiki?"

Nikasema linazibika.

Hakuna mtu aliyetaka kunisaidia kuvunja sakafu ile, ila Mama Kadzo. Nilingoja bamvua lipite, maji yawe mafu, mwamba usivute sana. Tanuri halikuwa limewashwa tangu Jumamosi ile. Nikang'oa matofali ya nyuma, nikafika kwenye tundu, upana wake kama sahani, na giza lake halikuwa na mwisho. Maji yalikuwa yakirudi kule chini. Nikaweka mkono kupima pumzi. Nilitegemea baridi na chumvi.

Ilikuwa ya joto. Na ilikuwa na harufu ya mkate.

Nikamwita Hawe bila kumwambia kitu. Akainama, akavuta pumzi, akakaa vile muda mrefu, mkono wake umeshika ukingo wa tanuri.

"Huu si wangu," akasema polepole. "Umeungua. Mimi siunguzi mkate, Katana. Aliyekuwa akiuunguza ni marehemu mume wangu, kila siku tukigombana."

Nikatazamana na Mama Kadzo. Kwa joto nina maneno, mwamba unaweza kulishika joto siku nyingi. Kwa harufu nimetafuta maneno mpaka leo.

"Ziba," akasema Hawe.

Nikaziba. Jiwe kubwa kwanza, kisha udongo mwekundu uliokandwa na majivu, ushindiliwe tabaka kwa tabaka, kisha chumvi ya mawe na chupa zilizopondwa ili sakafu ishike joto, kisha matofali. Zingatieni mpango huo, chumvi na chupa ziwe chini ya matofali, wala si juu. Nikaliacha likauke vizuri, nikaliwashia moto mdogo mdogo, halafu mkubwa. Miali ikapanda. Moshi ukatoka bombani, kunguru akaruka. Kuba likageuka jeupe.

Boflo za kwanza zilipotoka watu walikuwa wamejaa nje ya ua, harufu iliwaleta. Hawe akaziweka kwenye meza pale pale uani, akarudi nyuma akasimama na mikono yake ndani ya leso aliyojifunga. Hakuwakaribisha. Hakuna aliyenyosha mkono. Kila mtu alijua maana ya kula kutoka mkono ule, na maana ya kutokula. Karisa alikuwa mbele yao wote, na wote walikuwa wakimtazama yeye.

Mama Kadzo akapita katikati yao, akachukua boflo likiwa bado la moto, akalimega. "Kama njia hiyo ni uchawi," akasema, "mimi nimelala juu yake miaka yote na nimezaa juu yake." Akatia kinywani, likamwunguza, akaruka ruka akipuliza. Mtu mmoja akacheka. Akampa Kadzo kipande, mtoto akala.

Kisha akamnyoshea mumewe kilichobaki. "Kula, Baba Kadzo."

Karisa alimtazama mkewe akitafuna, akamtazama mtoto, mwisho akamtazama Hawe. Akakipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu mdogo kwa mkubwa.

"Ahsante, Hawe," akasema.

Akala. Alikula mpaka kikaisha, hakuinua uso, macho yake yako chini penye miguu yake, anatafuna taratibu kama mtu anayesikiliza kitu kilicho chini ya ardhi.